Kunyolewa, Kunyonyoka na Kuota: Historia Fupi ya Nywele na Dawa za Saratani ya Matiti

Miongoni mwa methali ambazo sisi walimu wa Kiswahili tunazisomesha mapema ni hii: "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji." Mwanafunzi huelezwa kwamba maana yake ni kujiandaa kwa jambo lililomfika jirani. Maelezo hayo ni sahihi. Hata hivyo, methali hii ina jambo jingine ndani yake ambalo aghalabu hatulitaji. Inachukulia kwamba yuko kinyozi, uko wembe, na upo wakati wa kutia maji. Anayenyolewa anamjua anayemnyoa, na sababu ya kunyolewa anaijua.

Katika makala haya tunakusudia kuzungumza juu ya upotevu wa nywele wa namna nyingine, ambao hauna kinyozi anayeonekana. Nao ni ule unaomfika mwanamke anayetibiwa saratani ya matiti, au kansa kama wengi wanavyoiita, kwa dawa za kemikali. Tutaeleza dawa hizo zilitoka wapi, kwa nini huangusha nywele, na kwa nini nywele huota tena. Mwishowe tutasema kwa nini habari hii, ambayo yaonekana kuwa ya madaktari, inatuhusu sisi ambao kazi yetu ni maneno.

Kichwa kilichosomwa

Katika nchi zetu, tangu zamani, kichwa cha mtu kilisomwa. Huko Rwanda, msichana aliyefikia umri wa kuolewa alijulikana kwa amasunzu, yaani nywele zilizonyolewa kwa ustadi na kuachwa zisimame kama matuta yaliyopinda. Mgeni aliyemwona hakuhitaji kuuliza. Miongoni mwa Waislamu, pwani na bara, mtoto hunyolewa siku ya saba tangu kuzaliwa. Kwa Waluhya na Wajaluo wa pande za ziwa, jamaa za marehemu walinyolewa baada ya maziko, na siku hiyo ilikuwa na taratibu zake.

Katika desturi zote hizi tunaona jambo moja. Kunyoa kulikuwa na mwenye kunyoa, kulikuwa na siku yake, na jamaa walihudhuria. Mtu hakuachwa peke yake na kichwa chake kitupu. Nywele zilipoota upya, kila mtu alifahamu kwamba jambo fulani limekwisha na maisha yanaendelea.

Miaka ya 1980 ilileta usomaji mwingine wa vichwa. Katika wilaya ya Rakai nchini Uganda, na ng'ambo ya mpaka katika mkoa wa Kagera nchini Tanzania, ulizuka ugonjwa uliowakondesha watu, na Waganda wakauita Silimu. Ndio huo ambao leo twauita UKIMWI. Nywele za wagonjwa wengi zilipungua na kuwa laini isivyo kawaida. Tangu wakati huo mtu aliyekonda na kupungukiwa nywele alitazamwa kwa jicho la shaka, na majirani wakaanza kuhesabu siku zake. Hali hiyo ndiyo anayokutana nayo mwanamke wa kwetu mwenye saratani ya matiti nywele zinapomtoka. Watu humsoma kwa kitabu kisicho chake.

Dawa iliyotoka katika silaha

Historia ya dawa hizi haikuanzia hospitalini. Ilianzia katika uwanja wa vita. Mwezi Julai 1917, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, majeshi ya Ujerumani yalitumia kwa mara ya kwanza gesi ya haradali, silaha iliyounguza ngozi, macho na mapafu. Mwaka 1919 madaktari wa Marekani waliowachunguza waliodhurika waliandika kwamba chembe nyeupe za damu zilikuwa zimepungua mno katika miili yao. Taarifa hiyo ilikaa zaidi ya miaka 20 bila ya kutumiwa kwa tiba.

Vilipokuja Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya Marekani iliwataka wataalamu wachunguze upya sumu hizo. Katika Chuo Kikuu cha Yale walikuwako Louis Goodman na Alfred Gilman. Wao walijiuliza: ikiwa sumu hii huua chembe nyeupe zinazozaana upesi, je, haiwezi kuua uvimbe wa saratani, ambao nao huzaana upesi? Mwezi Agosti 1942 mgonjwa wa kwanza, aliyekuwa na uvimbe mkubwa shingoni na kifuani, alidungwa dawa ya jamii ya haradali. Uvimbe ulinywea kwa namna iliyowashangaza madaktari. Baadaye ulirudi, na mgonjwa akafariki. Kwa sababu ya siri ya vita, habari hizi hazikutangazwa hadi mwaka 1946.

Katikati ya siri hiyo lilitokea balaa. Usiku wa tarehe 2 Desemba 1943, ndege za Ujerumani zilishambulia bandari ya Bari, kusini mwa Italia. Mojawapo ya meli zilizolipuliwa, John Harvey, ilikuwa imebeba kwa siri mabomu ya haradali ya Wamarekani wenyewe. Mamia ya mabaharia na raia walidhurika, na wengi walikufa. Daktari Stewart Alexander, aliyetumwa kuchunguza, aliona tena jambo lile lile: chembe nyeupe za damu zilitoweka. Basi mambo mawili, jaribio la Yale na msiba wa Bari, yalielekeza fikira za madaktari upande mmoja.

Baada ya hapo hatua zilifuatana. Mwaka 1948, mjini Boston, Sidney Farber alionyesha kwamba dawa iitwayo aminopterini iliweza kutuliza kwa muda saratani ya damu kwa watoto. Ndugu yake, methotrekseti, bado inatumika. Mwaka 1957 ilitangazwa fluorourasili. Mwaka 1958 wataalamu wa Ujerumani walitoa saiklofosfamaidi, dawa iliyotengenezwa kutokana na ukoo ule ule wa haradali.

Italia ilileta nyingine. Watafiti wa kampuni ya Farmitalia waliokota udongo karibu na ngome ya kale ya Castel del Monte, si mbali na Bari ile ya msiba. Katika udongo huo waliona kijidudu chenye kutoa rangi nyekundu inayoua chembe za saratani. Kutokana na jamii ya kijidudu hicho ilipatikana, katika miaka ya 1960, dawa ya doksorubisini. Wagonjwa wanaifahamu kwa wekundu wake inapoteremka katika mpira wa sindano. Wanaifahamu pia kwa sababu ni miongoni mwa dawa zinazoangusha nywele kwa nguvu zaidi.

Afrika ya Mashariki haikuwa mtazamaji tu katika safari hii. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliowapata watoto wa Uganda, ambao hadi leo una jina lake. Yeye na wenzake walitumia methotrekseti na saiklofosfamaidi, na baadhi ya watoto walipona. Mwaka 1967 ilianzishwa hapo hapo Mulago Taasisi ya Saratani ya Uganda, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Kwa hiyo asitokee mtu wa kusema kwamba tiba hii ni jambo geni lililoletwa kwetu juzi.

Kisu na dawa

Saratani ya matiti ilikuwa ikitibiwa kwa kisu kwa muda mrefu. Mwaka 1894 William Halsted wa Baltimore, Marekani, alieleza upasuaji wake wa kuondoa titi zima pamoja na misuli ya kifua na matezi ya kwapani. Imani ya wakati huo ilikuwa kwamba saratani ni kama mti: ukichimba shina lake lote, hautachipua. Lakini wanawake wengi waliofanyiwa upasuaji huo, na kidonda kikapona vizuri, walirudiwa na ugonjwa katika mifupa, ini au mapafu. Chembe chache zilikuwa zimekwisha safiri katika damu kabla ya kisu kufika.

Jibu la swali hilo lilitoka Milano. Kuanzia mwaka 1973 Gianni Bonadonna na wenzake waliwagawa wanawake waliokwisha kupasuliwa, na ambao saratani ilikuwa imefika kwapani, katika makundi mawili. Wanawake 179 hawakupewa dawa baada ya upasuaji. Wengine 207 walipewa mchanganyiko wa dawa tatu tulizokwisha kuzitaja: saiklofosfamaidi, methotrekseti na fluorourasili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1976. Katika muda wa miezi 27, ugonjwa ulikuwa umerudi kwa asilimia 24 ya kundi la kwanza, na kwa asilimia 5.3 tu ya kundi la pili.

Tunaomba msomaji azitazame vizuri tarakimu hizo, maana ndizo zilizo upande wa pili wa mizani. Upande mmoja ziko nywele. Upande wa pili yako maisha. Tangu 1976 mwanamke ambaye kidonda chake kimepona, na ambaye hajisikii maumivu yoyote, aweza kuambiwa anywe au adungwe dawa ambayo itamfanya aonekane mgonjwa kuliko alivyokuwa. Huo ni mtihani mzito. Ugonjwa wenyewe hauonekani, na dawa ndiyo inayoonekana.

Kwa nini nywele huanguka

Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000. Kila unywele huota katika kishimo chake, kinyweleo, na chini kabisa ya kishimo hicho ziko chembe zinazogawanyika bila kupumzika ili kuusukuma unywele juu. Unywele hukua miaka miwili hadi sita, kisha hupumzika miezi kama mitatu, halafu huanguka na kumpisha mwingine. Wakati wowote, kati ya kila nywele kumi, nane au tisa zimo katika kukua. Ndiyo maana mtu mzima huacha nywele chache katika kitana kila siku bila ya kuwa na upara.

Dawa za saratani hazina macho. Hazijui hii ni chembe ya ugonjwa na ile ni chembe ya unywele. Zinachokijua ni mwendo. Chembe yoyote inayogawanyika upesi huipata. Kwa hiyo hupigwa saratani, na pamoja nayo hupigwa damu, utando wa kinywa na wa tumbo, na mashina ya nywele. Shina likishapigwa, unywele huwa mwembamba mahali pamoja na kukatika, au hulegea na kutoka. Kwa kawaida jambo hili huanza wiki mbili hadi nne tangu sindano ya kwanza. Mgonjwa huona nywele juu ya mto asubuhi, kisha mkononi anapooga. Baadaye hata nyusi na kope zaweza kufuata.

Hapa inafaa tuondoe makosa mawili yanayosemwa sana. La kwanza ni kwamba nywele zimeanguka kwa sababu saratani imefika kichwani. La hasha. Dawa ndiyo iliyoziangusha. Kosa la pili ni kinyume chake: kwamba nywele zisipoanguka, basi dawa haifanyi kazi. Hilo nalo si kweli. Dawa hutofautiana. Ule mchanganyiko wa Milano huwapunguzia wengi nywele bila ya kuwamalizia, ilhali doksorubisini, na dawa za jamii ya paklitakseli, zilizotokana na mti wa Marekani uitwao myuu, aghalabu humaliza kichwa chote. Upara hauwezi kutumiwa kama kipimo cha kupona wala cha kufa.

Kwa nini huota tena

Mkulima mwenye busara hapandi mbegu zote. Huacha nyingine ghalani. Mwili nao umefanya hivyo. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani waliochunguza ngozi ya panya walionyesha kwamba chembe mama za unywele hazikai chini kabisa ya kinyweleo, kama ilivyodhaniwa, bali ziko juu kidogo, upande mmoja, na kwa kawaida hazigawanyiki ila mara chache. Kwa kuwa dawa huwinda chembe zenye haraka, hizi zilizotulia nyingi huachwa salama. Tiba ikimalizika, huamka na kujenga shina upya.

Wiki chache baada ya dawa ya mwisho huanza kuonekana malaika laini kama ya mtoto mchanga. Kisha nywele zenyewe hutokea, na hurefuka kiasi cha sentimita moja kwa mwezi. Baada ya miezi mitatu hadi sita wengi huwa na kichwa kilichofunikwa. Pengine nywele mpya hazifanani na zile za kwanza: zaweza kuwa laini zaidi, au zenye kujisokota zaidi, au zikawa na mvi. Kwa wengi tofauti hiyo hupungua kadiri muda unavyopita. Lakini ukweli hautakamilika bila ya kusema kwamba wapo wachache ambao nywele zao hazirudi kama zilivyokuwa. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza tahadhari hiyo katika maelezo ya dawa ya dosetakseli. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa hilo kabla ya kuanza tiba.

Madaktari walichelewa kuzishughulikia nywele. Katika miaka ya 1970 walianza kujaribu kukipoza kichwa kwa barafu wakati wa kudunga dawa, ili mishipa ya damu isinyae na dawa ifike kidogo tu kwenye mashina. Mwaka 1990 mamlaka ya Marekani ilisimamisha uuzaji wa kofia hizo za baridi kwa kukosa ushahidi wa kutosha, na mwaka 2015 ikaruhusu mashine ya kupozea kichwa kwa wagonjwa wa saratani ya matiti. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, wanawake 48 kati ya 95 waliopozwa vichwa walibakiwa na nywele zao, wakati katika kundi la 47 wasiopozwa hakubakiwa hata mmoja. Hata hivyo, kofia hiyo ni ghali, na haigusi vizuri ngozi ya kichwa chenye nywele nene zilizojisokota kama zetu. Kwa wanawake wengi wa nchi zetu, basi, msaada ulio karibu ni kilemba, nywele za bandia, na watu wanaofahamu.

Wajibu wetu walimu

Sasa tunafika kwenye kazi yetu. Tuyatazame maneno matatu. Katika kunyolewa, ambayo ni kauli ya kutendwa, mtendaji yuko hata asipotajwa, tunaweza kuuliza, "Amenyolewa na nani?" na tukajibiwa. Katika kunyonyoka, mtendaji hayumo. Tunasema tu "nywele zimenyonyoka," kama tunavyosema jani limepukutika au jino limeng'oka. Kitenzi kinaacha nafasi wazi, na akili ya binadamu haipendi nafasi wazi. Jirani huijaza kwa lolote alilo nalo: uchawi, Silimu, laana, au kifo kinachokuja.

Nafasi hiyo ina gharama yake. Wako wanawake wanaokataa tiba, au kuiacha katikati, kwa kuogopa upara na maneno ya watu juu ya upara huo. Mwanamke wa namna hiyo hakushindwa na saratani peke yake. Ameshindwa pia na sentensi isiyo na mtendaji.

Yafaa, kwa hiyo, tuijaze nafasi hiyo kwa ukweli. Mwalimu mwenzetu anaporudi darasani akiwa amefunga kitambaa kichwani, na wanafunzi wakanong'onezana, asiachwe ajieleze peke yake. Kwa ridhaa yake, mwalimu wa zamu aweza kuwaambia kwa Kiswahili chepesi: "Nywele za mwalimu zimenyonyolewa na dawa. Dawa ikiisha, zitaota." Watoto huelewa. Nao wakirudi nyumbani huyasema maneno waliyoyasikia shuleni, na kwa njia hiyo habari hufika mahali ambapo mabango ya hospitali hayafiki.

Kadhalika, tuirudie ile methali tuliyoanza nayo, tuifundishe kwa maana yake kamili. Kutia maji si kuogopa wembe. Ni kujiandaa. Mwanamke anayeona uvimbe usiouma katika titi, au ngozi iliyobonyea, au chuchu iliyoingia ndani ghafla, asingoje. Taasisi ya Mulago ipo. Hospitali ya Butaro nchini Rwanda ilifungua kituo cha saratani mwaka 2012. Mjini Dar es Salaam iko taasisi ya Ocean Road. Uvimbe uliowahiwa hutibika kwa urahisi zaidi kuliko uliofichwa.

Na kwa mwenzetu ambaye tayari yumo katika tiba, tumfanyie walivyofanya wazee siku ya kunyoa. Tuhudhurie. Akipenda kunyoa mapema kabla ya nywele kunyonyoka zenyewe, kama wengi wanavyofanya, tukae naye wembe unapopita. Hapo mtendaji atakuwa ni yeye mwenyewe, na kitenzi kitakuwa kimerudi katika kauli ya kutenda: amenyoa.